Kopo Lililojazwa Pamba

Siku nilipofungua mkoba wa dada yangu kutafuta kadi yake ya kliniki, yeye akiwa kitandani wodini na hajui hata ni siku gani, nilikuta kopo la ARV, dawa za VVU, chini kabisa, limeviringishwa ndani ya kitambaa cha kichwa. Nikalitikisa. Halikutoa sauti. Nikadhani ni tupu, nikafungua kifuniko. Ndani kulikuwa na pamba iliyosokomezwa kwa kidole mpaka chini, na katikati ya pamba, vidonge. Nilivihesabu palepale, nimekaa kwenye ukingo wa kitanda. Kopo la vidonge 30 lilikuwa na vidonge 19, na tarehe iliyoandikwa kwa kalamu kwenye lebo ilikuwa ya miezi kumi na moja nyuma.

Anayetumia dawa hizi anaijua kazi ya ile pamba. Vidonge ndani ya kopo la plastiki vinalia kama kayamba. Ukitembea nalo kwenye mkoba, kila hatua inakutangaza. Basi wengine huweka pamba, wengine huvimimina vidonge kwenye mfuko wa nailoni, wengine huchana lebo na kwenda kuitupa mbali na nyumbani. Wafamasia wanasisitiza dawa ikae kwenye kopo lake pamoja na kile kipakiti cha kunyonya unyevu, na wana haki. Lakini mtu anayeogopa kusikika hawazi unyevu.

Nilikuwa najua hali ya dada kwa miaka mingi. Nilikuwa wa kwanza kuambiwa, na nilijiona ndugu mwema kwa sababu sikumkimbia. Sikujua kuhusu pamba. Sikuwahi kumuuliza dawa anaiweka wapi.

Kiswahili kimeipa huduma hii jina zuri: tiba na matunzo. Tiba ilikuwemo ndani ya lile kopo, tena tiba ya maana. Kilichokosekana ni lile neno la pili, ambalo tumelizoea hadi hatulisikii tena.

Ugonjwa wenyewe ulianza na kichwa. Wiki mbili za kichwa kisichosikia dawa za maumivu, kisha kutapika, kisha akaanza kuona watu wawili wawili. Hospitali walimpima CD4, zile seli zinazoongoza kinga ya mwili, wakakuta 41. Mtu mwenye afya huwa na mamia, mara nyingi 500 na zaidi. Chini ya 200 daktari anahesabu kwamba ugonjwa umefika hatua ya juu, na hapo hasubiri dalili, anaanza kutafuta vilivyojificha: kifua kikuu, hata kwa kipimo cha mkojo, na fangasi aitwaye kriptokokasi, ambaye anaonekana kwa tone la damu. Kwa dada alionekana.

Fangasi huyu yuko kwenye udongo na kwenye vinyesi vya ndege. Karibu sote tunamvuta puani, na mwili wenye kinga unamdhibiti bila sisi kujua. Kinga ikianguka, anapanda hadi kwenye utando wa ubongo. Presha ndani ya fuvu inakuwa kubwa mno, na presha hiyo peke yake inaweza kuua. Njia ya kuishusha ni sindano ya mgongoni, kutoa maji ya uti wa mgongo, na kurudia kila presha inapopanda tena.

Nilimshika miguu. Alikuwa amejikunja ubavu kama mtoto mchanga, magoti kifuani, na daktari akahesabu pingili kwa kidole gumba mpaka akapata nafasi. Nilitarajia matone. Yalitoka kwa kasi kama maji ya bomba lililopasuka kidogo. Baada ya mara ya pili, dada alifumbua macho, akanitazama, akauliza kitambaa chake cha kichwa kiko wapi. Nikajua amerudi.

Kuhusu dawa alizopewa nitasema kidogo, kwa sababu ni habari njema ambayo watu wengi hawana. Zamani matibabu haya yalihitaji dripu ya amfoterisini kila siku kwa wiki nzima au mbili, dawa inayoumiza figo na kupunguza damu. Mwaka 2022 utafiti uliofanyika katika nchi tano za Afrika ulionyesha kwamba dozi moja kubwa ya amfoterisini iliyofungwa ndani ya chembe za mafuta, pamoja na vidonge vya fluisitosini na flukonazoli kwa siku 14, inafanya kazi sawa na ule utaratibu mrefu na madhara yake ni machache. Shirika la Afya Duniani likaupitisha mwaka huohuo. Dada alipata utaratibu huo.

Kilichonishangaza ni kwamba hawakumrudishia ARV. Nilipandisha sauti, nakiri. Mgonjwa wa UKIMWI yuko mbele yenu, mbona hamumpi dawa ya UKIMWI? Daktari alinivuta pembeni, akanieleza kwa upole kwamba kwenye homa hii ya uti wa mgongo ARV husubiri wiki 4 hadi 6. Kinga ikiamka ghafla wakati ubongo bado umejaa fangasi, inawasha moto ndani ya fuvu, na mgonjwa anaweza kufa kwa kupona kwake mwenyewe. Nilinyamaza. Tangu siku hiyo, kila nikisikia mtu anamshauri ndugu aliyeacha dawa achukue kopo la mwenzake aanze tu nyumbani, huwa naingilia. Aliyekaa muda mrefu bila dawa anahitaji kuchunguzwa kwanza, ndipo aanze, na mara nyingi anaanza siku hiyohiyo.

*

Kwenye Kiswahili tunasema dawa za kufubaza virusi, na neno hilo ni sahihi kuliko wengi tunavyodhani. Kitu kilichofubaa hakijafa. Kimezubaa, kimekosa nguvu, kimekaa. VVU hujificha ndani ya seli za CD4 zilizopumzika, zile zinazotunza kumbukumbu ya magonjwa ya zamani, na humo dawa haikifikii kirusi kwa sababu hakifanyi lolote. Ukiendelea kumeza, kila kirusi kinachotoka mafichoni kinakuta mlango umefungwa. Ukiacha, kwa wengi ndani ya wiki chache tu damu imejaa upya. Ndiyo maana dawa ni ya kila siku, na ndiyo maana mtu anaweza kuacha akiwa mnene, anang'aa, hana hata kikohozi, akadhani hakuna kilichotokea.

Mwaka 2023 watu wapatao 630,000 walikufa kwa magonjwa yanayohusiana na UKIMWI. Mwaka 2004 walikuwa zaidi ya milioni 2, kwa hiyo kazi kubwa imefanyika. Lakini wauguzi wa wodi ile waliniambia jambo ambalo baadaye nimelisoma pia kwa wataalamu: wengi wanaofika sasa wamedhoofu kabisa si watu ambao hawajawahi kupimwa. Ni watu waliowahi kuanza dawa, wakaacha, wakachelewa kurudi.

Dada alikuwa ameacha vipi? Alinisimulia miezi mitatu baada ya kutoka wodini, jioni, bila mimi kuuliza. Alikuwa amepitiliza tarehe ya kliniki kwa siku tisa. Alipofika, mhudumu aliyekuwa mapokezi alisoma kadi, akasema kwa sauti ya kusikika foleni nzima: "Watoro wote wakae benchi lile." Benchi lilikuwa peke yake, limeelekea mlangoni. Alikaa hapo tangu asubuhi mpaka saa saba mchana huku waliowahi tarehe zao wakipita mbele yake. Mwisho alipewa dawa na maneno makali. Alizichukua. Alimeza kumi na moja.

"Zile kumi na moja," aliniambia, "nilikuwa namalizia hasira. Halafu nikawaza tarehe ijayo nitachelewa tu, na lile benchi litanisubiri."

Sitaitaja kliniki hiyo. Nimekutana na wahudumu wazuri wengi mno kuliko yule mmoja, na najua kazi ilivyowaelemea. Lakini neno mtoro nalikataa. Mtoro ni mtoto anayekimbia shule. Mtu mzima anayebeba ugonjwa wa maisha, akaanguka njiani, hatoroki kitu. Vivyo hivyo neno mwathirika, ambalo bado tunalitumia kwenye redio na magazeti kana kwamba halina uzito. Mwaka 1983 huko Denver, Marekani, wakati hakukuwa na dawa hata moja, kundi la wagonjwa lilisimama mkutanoni likasema lisiitwe wahanga, liitwe watu wenye UKIMWI. Wengi wao hawakuishi kuona mseto wa dawa tatu uliobadilisha kila kitu mwaka 1996. Walidai jina kabla ya dawa, na walijua walichokuwa wanafanya.

*

Alipotoka wodini dada alihamishiwa kliniki nyingine. Nilimsindikiza, nimejiandaa kugombana. Aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mtoa huduma rika, naye anaishi na VVU na alilisema hilo ndani ya dakika ya kwanza kama mtu anayetaja kabila la mama yake. Alimkalisha dada kando yake, si mbele yake. Akasema, "Karibu tena, mwanangu. Tumefurahi umefika." Nilisubiri swali la kwa nini umeacha. Halikuja. Aliuliza: "Dawa ulikuwa unaimezea wapi?"

Dada alimwangalia. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza hilo, nami nikiwemo. Akajibu: chooni. Alikuwa amehamia kwa wakwe, nyumba yenye watu tisa. Dawa aliyokuwa akitumia wakati huo ilikuwa ya usiku, ile iliyokuwa ikileta kizunguzungu na ndoto nzito. Usiku ndio wakati nyumba imejaa. Kwa hiyo saa tatu usiku, kila siku, aliingia chooni na kopo lenye pamba, akameza bila maji, akatoka akijifanya tumbo linamsumbua. Siku choo kilipokuwa na mtu, alisubiri. Siku nyingine alisinzia akisubiri.

Yule mama hakutoa hotuba. Alichukua karatasi. Dawa aliyokuwa akiandikiwa sasa ina dolutegravir, ambayo mtu anaweza kuimeza saa yoyote anayoweza kuikumbuka. Kazini una kabati linalofungwa? Ndiyo. Basi ni asubuhi, kazini, kabla ya kuwasha kompyuta. Unatumia vidonge vya chuma, au dawa ya kiungulia? Ya kiungulia, mara kwa mara. Hiyo imeze mbali na hii, ARV itangulie kwa muda wa saa mbili, au isubiri muda wa saa sita baada yake, maana zikikutana tumboni dawa ya kiungulia inaishika ARV isiingie mwilini. Wingi wa virusi tutapima baadaye, na ukiwa umetulia hutakuja kila mwezi, utachukua dawa za miezi mitatu, hata sita. Ukichelewa tarehe, nipigie. Ukichelewa sana, njoo vilevile.

Nimesoma mengi tangu wakati ule juu ya ufuasi wa dawa, na sehemu kubwa inazungumzia nidhamu ya mgonjwa. Nidhamu ya dada yangu haikuwa na kasoro. Mtu anayeingia chooni kila usiku na pamba yake ana nidhamu kuliko mimi. Alihitaji mtu wa kumtafutia mahali pa kumezea dawa.

*

Halafu kulikuwa na shemeji. Hakujua. Hofu ya dada ilikuwa hiyo kuliko fangasi, kuliko kifo. Mshauri nasaha hakumsukuma. Alimuuliza kwanza kama nyumbani yuko salama, kama amewahi kupigwa, na swali hilo lingepaswa kuulizwa kila mahali kabla ya kumwambia mwanamke yeyote "mwambie mwenza wako." Walipanga wiki kadhaa. Siku yenyewe shemeji aliitwa kliniki, akaelezwa dada akiwepo, akapimwa. Hana maambukizi. Alilia, nasikia, kisha akauliza swali moja tu: kwa hiyo sasa tuishi vipi?

Jibu la swali hilo ni moja ya mambo makubwa yaliyothibitishwa katika tiba ya zama zetu, na bado linasemwa kwa kunong'ona. Utafiti wa PARTNER, uliotoa majibu yake mwaka 2016 na 2019, ulifuatilia mamia ya wenza ambao mmoja ana VVU na anatumia dawa, mwingine hana, na wanakutana kimwili bila kondomu. Haikupatikana hata mara moja ambapo mwenza aliyefubaza virusi alimwambukiza mwenzake. Sifuri. Kipimo kikionyesha virusi havionekani kwenye damu, haviambukizi kwa njia ya ngono. Mpaka dada afike hapo, shemeji alipewa dawa kinga za kumeza kila siku, na kondomu ziliendelea. Walifika. Mwaka uliofuata walikaa tena mbele ya mshauri kuzungumzia mtoto, na waliambiwa kwamba bila matibabu mama humwambukiza mtoto kwa kiwango cha asilimia 15 hadi 45, na kwa mama anayetumia dawa vizuri tangu ujauzito mpaka mwisho wa kunyonyesha hushuka chini ya asilimia 5. Mtoto yupo. Alipimwa akiwa na wiki sita, na vipimo vyake vyote hadi alipoacha ziwa vilitoka safi.

Pamba haipo tena. Shemeji ndiye anayemtumia ujumbe asubuhi: umekunywa?

*

Mengine yalikuja polepole, na ndiyo ninayotaka wasomaji wenye VVU wayadai, maana hayaji yenyewe kila mahali. Alipewa dawa za kuzuia kifua kikuu, ugonjwa unaoongoza kuua watu wenye VVU, baada ya kuhakikisha kwanza kwamba hanacho. Alichunguzwa mlango wa kizazi kwa mara ya kwanza maishani, ingawa mwanamke mwenye VVU ana hatari ya saratani hiyo mara sita zaidi ya asiye navyo, na inashauriwa aanze uchunguzi akiwa na miaka 25. Alikuwa amepita umri huo zamani, na kwa miaka yote aliyohudhuria kliniki hakuna aliyelitaja. Hili liliniuma karibu kama lile benchi. Walikuta sehemu ndogo yenye mabadiliko, wakaitibu siku hiyohiyo, akarudi nyumbani akitembea.

Na waliuliza kuhusu usingizi. Hilo nalo niliona ni swali la kupitisha muda, kumbe ndilo lililofungua kila kitu. Dada alikuwa halali. Alikuwa ameanza kuona kwamba kila mtu angepumzika kama yeye asingekuwepo, na alilisema hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anasoma orodha. Sonona huwapata watu wenye VVU mara nyingi kuliko wengine, na mtu aliyezama humo hamezi dawa, kwa sababu dawa ni ya mtu anayetarajia kesho. Alikutana na mshauri kila wiki kwa muda mrefu. Sikuambiwa walichozungumza, na sikuuliza.

Kama wewe unayesoma umeacha dawa, iwe ni wiki mbili au miaka minne, nenda. Ukiona kliniki yako ina benchi la namna ile, nenda nyingine, ni haki yako kuhama. Usisubiri uumwe. Na kama tayari una kichwa kisichoisha, homa, jasho la usiku, kikohozi, au nguo zinakupwaya, hiyo ni ya leo, si ya tarehe ijayo. Waambie ukweli kuhusu muda uliokaa bila dawa, maana wakijua ndipo wanapima vinavyotakiwa kupimwa.

Mwezi uliopita nilimsindikiza tena, kwa sababu tu nilikuwa na nafasi. Amevuka arobaini sasa. Mtoto anatembea. Daktari alikuwa kijana, hajawahi kumwona kabla. Alifungua faili, akasema virusi havionekani, hongera dada, na hapo habari ya VVU ikawa imekwisha, haikuchukua dakika. Akampima presha, ikawa juu kidogo. Akamwambia kwamba watu wenye VVU wanaozeeka wanapata magonjwa ya moyo mapema kuliko wenzao, na kwamba utafiti mkubwa wa mwaka 2023 ulionyesha dawa ya kushusha lehemu, yaani mafuta kwenye damu, inapunguza matukio hayo kwa zaidi ya theluthi, kwa hiyo watalizungumza hilo vipimo vikirudi. Kisha akauliza kama kuna kingine.

Dada akasema magoti. Yanamuuma akipanda ngazi, hasa la kushoto. Daktari akavuta kiti, akapiga magoti mwenyewe, akamkunja mguu taratibu, akasikiliza. Walizungumza magoti kwa dakika ishirini, wawili hao, kwa kina, mazoezi gani afanye na viatu gani aache, na mimi nikiwa pembeni nimemshikia mkoba.